Nusu Jino

Julai, mjini Carmelo. Baridi imeingia hadi ndani ya spana.
Gari la baba, Fodi la mwaka thelathini na moja,
limepiga magoti juu ya magogo mawili,
gurudumu la mbele limevuliwa
kama kiatu cha mtu aliyezimia.

Beringi ya zamani nimeilaza juu ya gazeti.
Ni ya buluu, ile buluu ya chuma kilichoungua,
na njia yake ina vishimo
kama shavu lililopitiwa na tetekuwanga.
Ruben ndiye aliyeikaza, mwezi Machi.
Aliikaza kwa bomba refu na kifua kizima.
"Mimi gurudumu halinichomoki," akasema,
na kweli, halikuchomoka:
liliganda, kilomita ya kumi na tisa, njia ya Palmira,
likafuka moshi,
na binti wa akina Techera akafika kanisani
kwenye lori la maziwa, shela imekunjwa mapajani.

Tangu hapo tunasemezana kwa ankara tu,
kaka na dada, karakana moja.

Napakia grisi. Si ya kupitisha juujuu
kama siagi kwenye mkate wa mgeni usiyemtaka.
Naisukuma kwa kiganja, iingie huku,
ichungulie kule, kila roli ipate haki yake.
Kisha habu, kisha washa yenye ulimi,
kisha nati, ile yenye meno kama taji.
Mkono wa kushoto unazungusha gurudumu,
wa kulia unakaza,
linakuwa zito,
linasita,
linakataa.

Hapa ndipo Ruben angeendelea.

Mimi narudi nyuma. Kidogo.
Nashika tairi juu na chini, natikisa,
nasikiliza kwa vidole zaidi ya masikio:
tk.
Hiyo *tk* ndiyo ninayoitafuta, nyembamba kama ukucha wa mtoto.
Gurudumu lisicheze, jamani,
lakini lisisahau kwamba liliumbwa kucheza.

Sasa tundu la pini halionekani.
Jino la taji limekaa katikati ya njia:
nusu jino mbele, nusu jino nyuma,
na nati haijui lugha ya nusu.

"Kaza ulifikie."
Yuko mlangoni. Ameshika chupa ya maji moto,
kibuyu cha mate kimebanwa kwapani.
Sijui amesimama hapo tangu lini.
Nikaweka spana. Nikalegeza nusu jino.
Nikatikisa: tk, na nukta juu yake.
Tundu likafunguka, nikaona mwanga upande wa pili.

Ruben hakusema kitu.
Akatazama ile beringi ya buluu kwenye gazeti,
akaigeuza kwa kidole kimoja, ikakwaruza,
akaiacha.
Kisha kutoka mfuko wa shati akatoa pini mpya,
bado kwenye karatasi ya duka.
Kumbe alinunua. Lini? Na kwa nini mbili?

Akaichomeka mwenyewe, akaipasua miguu kwa koleo,
mmoja juu ya ncha ya ekseli, mwingine chini,
akaibana taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo.
Nikagonga kifuniko kwa nyundo ya mbao.
Tukalisukuma gurudumu, likazunguka,
likazunguka tu, bila neno,
tukanywa mate zamu kwa zamu,
bomba la fedha likipata alama za vidole vyetu vyeusi,
hata lisijulikane la nani ni lipi.

"Bado la kulia," akasema,
akaenda kuichukua jeki.