Bakuli la Shemasi Pruitt

Miaka thelathini na mmoja amewafundisha watoto wetu Zaburi.
Mama yangu alimzika yeye,
mvua ya Alabama ikimchapa mgongoni,
koleo mkononi.

Jumapili ile akasema tu:
"Chama chetu kinasema uongo,
nasi twaitikia Amina."

Amina haikuja.
Benchi la tatu likakohoa.
Kabla magari hayajawashwa
Velma Tidwell keshagundua
kwamba Pruitt hakuwahi kuokoka,
na mume wake kakumbuka
hata sauti yake ya kuimbia ilikuwa ya mashaka.

Jumatano nikamrudishia bakuli lake,
nimelisugua mpaka likang'aa,
nikaliacha kizingitini.

Sikupiga hodi.
Angefungua,
akaniuliza kama alisema uongo.