Saa Moja kwa Saa Moja

Tiketi imeandikwa saba, ulimi wangu unasoma moja,
kama tulivyozoeshwa Tanga, kuhesabu tangu jua lichomoze.
Kuondoka Grand Rapids: saa moja asubuhi.
Kufika Chicago: saa moja asubuhi.
Maili mia moja thelathini na saba.
Nilimuuliza binti wa kaunta kama mashine imekosea.
Akacheka. "Hapana, mama. Kule wako nyuma."

Nyuma ya nini, sikumuuliza.

Basi natoka saa moja, nakaa angani saa moja,
nafika saa moja,
na ile niliyoitumia hakuna anayenidai.
Mbaruku angeipenda hesabu hii.
Kaka yangu, fundi wa lifti,
mtu wa kupima hata kina cha bakuli kabla ya kupakua.
Yeye ndiye aliyenipa ya barabarani:
saa tatu kulizunguka ziwa kwa gari,
"mbili, akiendesha mke wangu."

Ndege ndogo, viti hamsini, nusu vitupu.
Walisema tuzime simu, nikazima.
Chini, Ziwa Michigan lilikuwa na barafu kingoni,
katikati jeusi, kama chai ya rangi
iliyosahauliwa mezani na mtu aliyeitwa nje.
Mhudumu alipita mbiombio, muda haumtoshi,
akaniachia maji na pakiti ya biskuti mbili.
Nilitazama saa ya mkono:
moja na dakika thelathini na moja.
Nikala moja. Ya pili nikamwekea mgonjwa.

Karatasi ya hospitali imeandikwa sita na thelathini na moja.
Wifi Mishi aliilaza juu ya meza,
akalaza na tiketi yangu ubavuni mwake,
akapitisha kidole kutoka hii hadi ile
mbele ya watu waliokuja na masufuria ya pilau.
"Huyu amefariki saa kumi na mbili na nusu.
Wewe umeondoka saa moja.
Siku tatu nakupigia, njoo, njoo.
Umeondoka mtu ameshakufa."

Nikaanza kueleza.
Nikasema mashariki, nikasema magharibi,
nikasema ukitoa moja hapa, ongeza pale,
nikajisikia ninavyosikika:
muuza duka anayeficha chenji.
Mtu akanishika bega. "Dada, kaa. Kunywa maji."
Nikakaa.
Maana zile siku tatu, nilizosema
acha nimalize zamu, acha nauli ishuke,
hazina mashariki wala magharibi.
Siku tatu ni siku tatu, huku na kule.

Kurudi niliondoka saa moja jioni, nikashuka saa tatu usiku.
Ndege ile ile, maili zile zile.
Walikuwa wamenikopesha tu.

Lakini saa yangu ya mkono sikuirudisha nyuma,
si hospitalini, si makaburini,
na kwa hiyo najua:
alikuwa hai nilipofunga mkanda.
Alikuwa hai magurudumu yalipoacha lami.
Alikuwa hai hadi katikati ya maji,
pengine hadi nilipong'ata.

Hili sijamwambia Mishi.
Biskuti ya pili imekuwa unga mfukoni mwa koti.
Koti sijalifua.