Mita Nane

Raivo alizipanga tatu juu ya kioo cha kaunta,
GPS za mkononi, mjini Viljandi, Jumamosi,
dakika kumi kabla ya kufunga duka.
Ya kwanza ina ramani ya rangi, ina dira,
inajua hata mwezi utachomoza saa ngapi.
Bei yake ni kuni zangu kutoka Oktoba hadi Machi.
Niliirudisha polepole, kama mtu anayemlaza mtoto wa wenyewe.

Ya pili ilikuwa ya kati. Raivo aliisifu mno.
Anayesifu cha kati ana lake jambo.

Ya tatu ni ya manjano, ya mtumba, imechubuka pembeni,
kifuniko cha betri kimebanwa kwa rababendi.
Haina ramani. Ina mshale, ina namba,
na skrini ya kijivu kama mbingu yetu ya Novemba.
Euro thelathini na tano.
Rahisi ghali, nilijiambia,
kisha nikamfikiria aliyeutunga msemo huo:
bila shaka naye alikuwa na duka.

“Inatosha kusakia vikopo?” Tanel aliuliza.
Ana miaka tisa, na swali lake lilikuwa moja tu.
Tukaitoa nje. “Subirini,” alisema Raivo, “inatafuta setilaiti.”
Tulisimama sote watatu kwenye theluji, vichwa juu,
kana kwamba tungeziona.
Moja. Tatu. Nne.
Halafu ikaandika, chini kabisa,
kwa herufi ndogo za mtu mwenye haya:
huenda nimekosea mita nane.

Nikacheka. Raivo akadhani nimeona kasoro.
“Ile ya ghali inakosea tatu tu,” akasema.
Hakujua kwamba niliishi miaka kumi na mmoja
na mwanamume asiyekosea hata sentimita.
Alijua njia. Alijua mvua. Alijua nilichotaka kusema.
Siku aliyoondoka alijua pia kosa ni la nani.
Nikafungua pochi.

Jumapili betri nilizitoa kwenye saa ya jikoni,
ikabaki imeganda saa nne na dakika ishirini.
Ndani ya kifaa tulikuta alama za mwenyewe wa zamani:
UYOGA 1, UYOGA 2, hadi UYOGA 6.
Huku kwetu mtu hufa na siri ya uyoga wake,
hata mkwe haambiwi.
Na ya saba, katikati ya ziwa, jina tupu: HELVE.
Tanel akauliza kama kuna kopo ndani ya maji.
Nikasema sijui.
Sikuifuta.

Kinamasini njia ya mbao ilikuwa inateleza.
Mita arobaini. Kumi na mbili. Nane.
Hapo mshale ukaanza kuzunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Kifaa kimemaliza kazi yake, imebaki ya magoti.
Tulipapasa mizizi ya misonobari, tukachungulia kisiki,
tukageuza mawe ambayo hayakutukosea lolote.
Tanel akavua glavu moja, akaipoteza,
tukaacha kopo tukasaka glavu.
Glavu ilipatikana. Kopo nalo lilikuwa
nyuma ya nguzo niliyokuwa nimeiegemea,
nikilalamika mgongo.

Kopo la filamu. Ndani, karatasi imekunjwa mara nne,
majina ya watu tusiowajua, tarehe,
mmoja kachora bundi mwenye kofia.
Kalamu iligoma kwa baridi.
Tanel akaipasha joto kwapani,
akaandika jina lake, akaandika langu,
akasita, akaongeza kwa herufi zake zinazopanda mlima:
Ilisema kweli. Zilikuwa nane.

Jikoni bado ni saa nne na dakika ishirini.
Betri ziko kwenye kifaa, kifaa kiko chini ya mto wake.
Sijazidai.