Mistari ya Chaki

Chumba ni kimoja. Nilikizunguka kukihakikisha
kama mtu anayenunua mbuzi:
ukuta wa mawe ya timbo letu hapa Ruai, mabati kumi na manne,
dirisha moja upande wa jua, mlango usio na komeo.
Nikamwuliza Mwalimu Mghoi, “Na madarasa mengine yako wapi?”
Akachukua chaki, akainama,
akachora mstari sakafuni. Kisha mwingine.
“Haya hapa,” akasema, akijipangusa magoti.

Dada yangu Ndinda anakaa Umoja, orofa ya nne.
Kwao basi la shule huja hadi langoni,
la manjano, lina mama wa kuwashika watoto mikono.
Hunipigia Jumapili, salio lake halimwishi:
“Watoto si kuku, uwafungie wote banda moja.”
Nami humwitikia ndiyo, ndiyo,
huku nikitafuta kiatu cha Kasyoka chini ya kitanda.
Cha kushoto. Kila mara ni cha kushoto.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza nililala macho.
Kasyoka ana miaka minne, hajui kufunga vifungo.
Musembi ana sita, anajua kila kitu.
Niliwavusha bonde, udongo mweusi ukitushika miguu
kama mdai asiyetaka kusikia habari za kesho,
viatu nimevitia kwenye mfuko wa unga.
Tukafika viatu safi, miguu tope.
Mwalimu alikuwa na karai la maji mlangoni.
Hakusema kitu. Alisugua nyayo za wanangu
moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayezisoma.

Niseme ukweli, sikuondoka.
Nilichungulia hadi uji ukaiva.
Wadogo hukaa mlangoni, gredi ya tatu dirishani;
kupanda darasa pale ni kusogea hatua mbili
kuelekea mwangaza.
Kuku akaingia, akapita gredi zote bila mtihani,
akatoka na punje mdomoni.

Ukisimama hapo siku ya anga safi, unayaona majengo ya jiji,
madogo, yamepishana urefu, yana mapengo
kama kinywa cha Musembi.
Kule ni Nairobi. Huku pia ni Nairobi,
maana kanjo hawajawahi kupotea njia wakija kudai ada.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu,
kwenye kugawanya. Nikaja kupasua kokoto.
Jioni moja nilikuwa mezani na mkaa na karatasi:
madebe themanini na manne, wanawake watatu.
Mwenzetu anayetuhesabia alikuwa amenipa ya ishirini na sita,
na moyo ulikuwa unanikwaruza, basi,
bila kujua wapi.
Chini ya meza Kasyoka akaanza kuimba kwa kupayuka,
akimvalisha mwanasesere wake wa gunzi:
“Tatu kwenye nane, mara mbili! Toa sita! Baki mbili! Shusha!”
“Hiyo si yenu,” Musembi akafoka. “Hiyo ni ya dirishani!”
“Nimeisikia,” akasema. “Mwalimu haifichi.”

Hajui anachokisema. Najua hajui.
Huo ulikuwa mfano wa ubaoni, wa gredi ya tatu,
na masikio hayana mstari wa chaki.
Nikamwambia, rudia.
Akarudia. Nikatoa sita. Nikashusha nne.
Mkaa ukavunjika, nikaokota kipande.
Ishirini na nane.

Sikusema kitu. Nilikaa.
Kisha nikachota maji, nikamwita aje nimwoshe kabla ya kulala.
Alikuwa amerudi tena na kiatu kimoja.
Uwayo wa kulia ulikuwa safi.
Wa kushoto, bila shaka, ulikuwa mweupe wa chaki,
na sikuweza kujua
ni mstari wa gredi gani alioukanyaga.