Nane Iliyoinama

Ssekitto wa kampuni alifika Jumanne,
viatu vinang'aa, matope ya Mbale hayajamtambua bado.
Akafungua kompyuta juu ya kaunta
kati ya makopo ya grisi na mikanda ya vinu,
akamwambia mama: "Namba hii haina kadi,
haina simu ya kuibiwa.
Inakaa kwenye wingu."

Mama akatoka hadi mlangoni,
akautazama Wanale.
Wingu limelalia jabali kama kuku anayeatamia.
"Lile?" akauliza.
"Lile hutuletea maporomoko.
Ndiko ukaiweke namba yangu?"

Ssekitto akacheka. Mama hakucheka.

Basi akaeleza polepole, kama anayepoza uji:
mteja wa Kapchorwa akipiga, zitalia simu tatu kwa pamoja,
yako hapa, ya Wopuwa karakana,
ya Khainza popote alipo.
Usiku itapokea sauti yako mwenyewe, iliyorekodiwa.
"Niseme kwa lugha gani?"
"Utakayo."
"Wa Busia Kiswahili, wa Budadiri Kigisu.
Wa Kampala na asubiri kuche."
"Na umeme ukikatika?"
"Wingu halizimiki, mama."
"Na intaneti?"
Hapo Ssekitto akavitazama viatu vyake.
"Itaruka iende simu ya kawaida."
Mama akaandika kwenye daftari la madeni: *itaruka*.
Akapiga mstari chini yake.

Kisha namba zikatandazwa kwenye kioo
kama vitenge siku ya gulio, chagua mwenyewe.
"Chukua ya Kampala, watadhani una ofisi kubwa."
"Wakidhani niko Kampala,
nani atashuka hapa kununua chekeche?"
"Basi hii ya dhahabu, inaishia na sifuri tatu."
"Sifuri ninazo tayari. Hazinunuliwi."

Akanyamaza. Akafuta kaunta ambayo haikuwa chafu.
"Za hapa Mbale. Zinazoishia na tatu, moja, nane.
Zipo?"

Mimi nikainamia risiti.
Tatu, moja, nane ziko ukutani, nje,
baba alizipaka mwenyewe, kwa rangi ya buluu,
mwaka tuliofungua duka,
na nane yake imeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Laini yake tunaitilia mia tano kila mwezi
isije ikakatwa, ikapewa mtu mwingine.
Wenye vinu wa Bukwo bado wanaipiga, wanamtaka yeye,
na mama hujibu:
"Hayupo. Lakini chekeche ipo."

Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
"Ipo moja," akasema Ssekitto. "Kwa nini hii, mama?"

"Fundi wa rangi anatoza elfu mbili kila tarakimu.
Sifuri ya mwanzo inabaki,
tatu za mwisho zinabaki.
Nimeokoa elfu nane."

Ssekitto akatikisa kichwa kwa heshima,
akaona biashara.

Jumamosi Mugoya akaja na ngazi.
Akakwangua sita za katikati,
vumbi la buluu likamwangukia begani,
akaandika mpya, zimenyooka kama askari wa gwaride.
Alipofika mwisho akasita.
"Hii nane imelewa. Nikuinyooshee? Bure."

Mama, ambaye hajawahi kukataa cha bure,
hata kalenda za mwaka uliopita,
alisema, "Iache."
Akaingia ndani.

Hatujakaa sawa, simu tatu zikalia,
kaunta, karakana, mfukoni mwangu,
mlio mmoja katika vifua vitatu.
Wopuwa akachungulia, mikono imejaa grisi.
Mimi nilishika yangu, nikashindwa kuibonyeza.
Mama akapokea.
Akasahau salamu yote aliyokuwa ameizoea kwa siku nne.
"Chekeche ipo," akasema.

Na sauti ya Mugoya ikamjibu mara mbili,
sikioni na dirishani, kutoka juu ya ngazi:
"Najaribu tu, mama,
kama nimeiandika sawa."