Kiingilio

Elfu tatu mkubwa, elfu moja mtoto.
Mama akauliza, "Na mwenye goti bovu?"
Kijana wa getini, Chedego, kavaa sweta la shule
ambayo yenyewe ilishamsahau,
akacheka, akakata tiketi mbili za wakubwa,
tukaanza kuupanda Kiboriani
kwa njia ya mawe yaliyopakwa chokaa,
upepo ukitupiga usoni, ule mama auitao mbeho
kama anataja jina la jirani mkorofi.

Chini, Mpwapwa ilibaki mabati.
Juu, nyavu.

Kwanza tausi. Katoka India, kibao kinasema.
Anakokota mkia kwenye vumbi la Ugogo
kama bibi harusi aliyekosea ukumbi.
Akaufungua. Watoto wa shule wakapiga mayowe.
Mama akasema, "Mzuri. Analiwa?"

Kasuku wa Brazili, buluu na manjano,
kajinyonyoa kifua kwa mdomo wake mwenyewe
hadi ngozi ikawa ya kuku wa sokoni.
"Mwenzake alikufa na baridi ya Julai,"
Chedego alisema, akichezea funguo.
Hapo tulisimama kuliko kwa tausi.
Mama alijifunga kanga upya mabegani,
hakusema kwa nini.

Kanga wenye madoadoa hawakuwa na kizimba.
Walipita katikati ya miguu yetu
wakigombana kwa sauti ya bawaba kavu,
wakachungulia kwa wageni, wakaondoka.
"Na hawa wamelipa?"

Cherero tuliwakuta upande wa ng'ambo,
kati ya bata wa Uchina na njiwa wa Ufaransa:
shingo ya manjano, kichwa cheusi,
wale wale wa migunga ya nyuma ya kwetu Chunyu.
"Mmewakosea mtaa," mama akamwambia Chedego.
"Hapana, bibi. Hawa wamezaliwa Uholanzi.
Wamekuja kwa ndege."
Mama alicheka mpaka akashika wavu.
Kisha akawasemesha Kigogo, polepole,
kama unavyomsemesha mtoto wa ndugu aliyelelewa mbali,
nao wakainamisha vichwa, wakasikiliza,
wakarudi kwenye karanga zao.

Kizimba cha mwisho nilikuwa nimekisoma kwa mbali.
Nikataka kusema goti limechoka, turudi.

Kwelea kwelea. Hamsini hivi.
Midomo myekundu, na mbele yao sahani,
na ndani ya sahani, mtama.

Nilikuwa na miaka saba juu ya dungu,
debe mkononi, kombeo shingoni,
kuanzia alfajiri hadi jua lichoke.
Machi mpaka Mei daftari langu halina tarehe.
Walikuja kama moshi wenye njaa,
wakitua, shamba linainama,
wakiinuka, shamba ni mabua.
Mwaka mmoja walikuja siku ambayo mama
alikuwa kaburini kwa mdogo wangu, Ndahani.
Dungu lilikuwa tupu saa tatu tu.
Mwaka ule tulikula mlenda na maji yake.

"Mnawapa mtama," mama alisema.
"Kilo mbili kwa siku, bibi."
"Kilo mbili."
"Weupe. Ule mwekundu hawaupendi."

Akainama. Nilidhani ni goti.
Mkono ukaenda chini wenyewe, ukaokota,
na kutoka kwenye kifua chenye miaka sabini
ikatoka ile sauti: *Hayaaa! Hayaaa-ho!*
Hamsini wakaruka pamoja, wakagonga wavu,
wakarudi, wakagonga tena.
Watoto wa shule wakanyamaza.
Chedego alifungua mdomo, akaufunga.

Wakatua mmoja mmoja.
Mmoja akarudi kwenye sahani kabla ya wengine,
akadonoa, akamtazama mama kwa jicho la upande.
"Huyo," mama akasema, "huyo namjua."

Tulishuka bila maneno, yeye akinishika bega.
Stendi, muuza maji alitaka mia tano.
Mama akafungua fundo la kanga yake:
noti ya elfu, kipande cha tiketi,
na jiwe, bado lina chokaa upande mmoja.
Akalitazama kama chenji iliyozidi.
Akalifunga tena.