Dramu ya Breki

Barabara ya Kirinyaga, duka la tatu baada ya kona,
mchana nauza spea: beringi, klachi, gasketi,
dramu za breki zilizopangwa kama sufuria za harusi.
Bwana Gathogo alinifunza siku ya kwanza:
"Usimuuzie mtu dramu kabla hujaigonga.
Nzima huimba. Yenye ufa hukohoa."

Basi nimegonga, miaka minne.

Ijumaa shata ikishuka, ufunguo wa chini ni wangu.
Kerubo huja na spika alizozifufua kwa waya wa pasi,
Lesiit na filimbi ya bomba la maji,
na yule msichana wa Huruma asiyetaka jina
huandika ukutani kwa chaki ya fundi cherehani
beti ambazo lazima zifutwe kabla duka halijafunguliwa.
Watu hamsini, penye nafasi ya giaboksi kumi.
Kiingilio ni shilingi mia, au tochi yenye betri.
Soja wa lango, Baba Mueni, hula chapati zetu
na hasikii kitu chochote,
isipokuwa mguu wake, ambao husikia.

Mimi hupiga dramu saba.
Ndogo ya Probox, kali kama shangazi.
Ya pikapu, mpole.
Na ile kubwa ya lori, niliyoificha miezi mitano
nyuma ya rafu, chini ya gunia,
nikiwaambia wateja, "Imeisha, jaribu wiki ijayo":
ukiipiga kwa ngumi, sauti haitoki kwenye chuma,
inatoka kwenye magoti ya watu.
Siku moja Kerubo alizima taa tuisikie vizuri.
Mtu alilia. Hatukuuliza nani.

Jumatatu Gathogo akaivuta mwenyewe.
Akaigonga kwa spana, mara moja,
akainamisha kichwa,
akangoja sauti iishe. Ikakataa kuisha.
Akazitazama alama za vidole kwenye grisi,
akanitazama.
"Hii ni nzima," akasema. "Nzima kabisa."
Akamwandikia dereva risiti.

Sasa noti yetu ya chini iko njia ya Lodwar,
inazuia tani ishirini za mahindi
kwenye mteremko wa Marich,
na dereva akikanyaga, hajui anakanyaga nini.

Ijumaa tulipiga na sita.
Penye ya saba nikainua ngumi, nikaiacha hewani.
Huko juu, langoni,
mguu ukashuka.